Dola ya Hamdallahi: Wafulani wa Massina walivyoijenga kwa kitabu, na kitabu kilivyowageukia

Mlinzi wa Makavazi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Nyuzi nyingi za humu zinazozungumzia dola za Afrika Magharibi huanza na Mali ya Mansa Musa, hupita kwa Askia Muhammad wa Songhai, hugusa Sokoto ya Usman dan Fodio, kisha hurukia kwa Wafaransa. Katikati ya safari hiyo huachwa dola moja ya Wafulani iliyodumu miaka 44 tu, kuanzia 1818 hadi 1862, katika nchi ya Massina, sehemu ambayo leo ni Mali ya kati. Mji mkuu wake uliitwa Hamdallahi, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, kwani ni alhamdulillahi ileile. Dola yenyewe wenyeji waliiita Diina, yaani dini, na mwasisi wake, Ahmad Lobbo, anajulikana zaidi kwa jina la Seku Amadu. Huyo "Seku" ni shehe aliyepitia katika ulimi wa huko.

Niondoe utata mmoja mapema, maana najua kuna mtu atauliza kwa utani kama hawa Wafulani ni watu wasiotaka kutajwa majina. Jina "Fulani" walipewa na Wahausa, na limetufikia sisi likakutana na neno letu lenye maana nyingine kabisa. Wenyewe hujiita Fulbe, na mmoja wao ni Pullo.

Waandishi wengi huhitimisha habari ya Hamdallahi kwa kusema kwamba iliangushwa na bunduki za Al-Haji Umar Tall. Bunduki zilikuwepo, sikatai. Hata hivyo nitajaribu kuonyesha kwamba dola hii ilisimama juu ya madai ya elimu, kwamba aliyeiangusha alikuja na madai ya aina hiyohiyo, na kwamba ufa aliopitia ulikuwa umefunguka ndani ya ukoo wa watawala miaka tisa kabla hajafika.

Tuanze na nchi yenyewe. Mto Niger, baada ya kutoka katika milima ya Guinea na kuipita Segou, hufika kwenye tambarare ukatawanyika kuwa mikono, maziwa na vinamasi visivyohesabika, kabla ya kujikusanya tena karibu na Timbuktu. Mafuriko yake hufika baada ya mvua, wakati nchi kavu ya Sahel inayolizunguka bonde hilo imeanza kukauka, na hiyo ndiyo siri ya utajiri wake. Ndani ya bonde wanaishi wavuvi Wabozo, wakulima wa mpunga, wafanyabiashara wa Djenné na wafugaji Wafulani, kila mmoja akimhitaji mwenzake na kila mmoja akimwona mwenzake amemziba njia. Wafulani wa hapo waliongozwa na wakuu walioitwa ardo, wa ukoo wa Dikko, ambao kwa karne kadhaa waliishi chini ya mkono wa mwingine: Mali, halafu Songhai, halafu mapasha wa Timbuktu waliotokana na uvamizi wa Morocco wa 1591, na mwisho Wabambara wa Segou. Ardo alikuwa mtu wa farasi na mkuki, mwenye manju wa kumsifu, ambaye Uislamu wake haukumzuia kuchukua ng'ombe wa mtu pale alipowatamani.

Nitaendelea baada ya kuona kama uzi una wasomaji.

Bint Chuoni

Wasomaji tupo. Swali langu ni la mwanzo kabisa: iliwezekanaje mwalimu wa chuo, mtu wa mbao na wino, awashinde ma-ardo waliozaliwa juu ya farasi, tena wenye jeshi la Segou nyuma yao?

Mlinzi wa Makavazi

Swali zuri, Bint Chuoni, na jibu lake lina mambo mawili.

La kwanza ni kwamba alikuwa amekusanya watu ambao tayari walikuwa na kinyongo. Seku Amadu alizaliwa yapata 1776 huko Malangal, katika ukoo wa Bari, ambao si ukoo wa watawala. Alisoma, akahamia karibu na Djenné, akaanza kufundisha, na wanafunzi wakaongezeka kiasi cha kuwatia wasiwasi wanazuoni wa mji huo. Djenné ilikuwa na masheikh wa kale waliozoea kuketi na matajiri, nao hawakupenda kusikia kijana wa maboma ya ng'ombe akisema hadharani kwamba ibada za mjini zimechanganyika na mambo yasiyo ya dini. Wakamfukuza. Kwa hiyo alipoanza vita alikuwa na maadui watatu kwa mpigo: ma-ardo, Segou na masheikh wa Djenné. Waliomfuata ni wafugaji waliochoka kunyang'anywa, wanafunzi, na watu wa koo ndogo.

La pili ni bahati ya mahali na wakati. Masimulizi yanasema chanzo kilikuwa blanketi. Katika gulio la Simay mwana wa ardo alimpora mwanafunzi wa Seku Amadu blanketi lake, mwalimu akadai lirudishwe, akadharauliwa, na mwishowe mwanafunzi mwingine akamuua yule mwana wa ardo. Hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Ardo akaomba msaada Segou, Segou ikatuma jeshi, na mwaka 1818 jeshi hilo likakutana na watu wa Seku Amadu huko Noukouma kabla ya washirika wote kuungana. Wabambara wakashindwa. Idadi za wapiganaji zinazotajwa katika masimulizi ni za kuimbwa, sizitegemei, lakini matokeo yake yanaonekana waziwazi: wafugaji waliokuwa wakitazama upepo unavuma wapi wakahamia upande wa mwalimu, Djenné ikazingirwa ikasalimu amri, na miaka michache baadaye mji mpya ukaanza kujengwa kwenye nchi kavu kusini-mashariki mwa Mopti ya leo. Gelaajo, ardo wa Kunari, alipigana kwa muda mrefu kuliko wenzake, kisha akahama na watu wake kuelekea mashariki, kwenye himaya ya Sokoto. Manju wanamsifu mpaka leo, na nadhani wanamsifu kuliko wanavyomsifu Seku Amadu, kwa sababu Diina haikuwapenda manju.

Kuhusu utawala. Mamlaka makuu yalikuwa mikononi mwa Baraza Kuu, batu mawdo kwa Kifulani, lenye wanazuoni 40, lililokutana katika ukumbi unaokumbukwa kuwa na milango saba. Wawili kati yao walikuwa washauri wa karibu wa Seku Amadu, na nje ya baraza kulikuwa na wanazuoni wengine 60 wa akiba. Nchi iligawanywa katika majimbo matano, kila moja na kiongozi wa kijeshi na kadhi wake. Zaka ya nafaka na ya mifugo ilikusanywa, wafanyabiashara walilipa ushuru, na mapato yaliingia katika baitulmali. Tumbaku ilipigwa marufuku, ngoma na dansi vilevile. Wazee wanasimulia kwamba mtu aliyekutwa nje usiku bila sababu alihojiwa. Kuishi Hamdallahi hakukuwa raha kwa kila mtu.

Mchunga wa Tambarare

Umetaja zaka ya mifugo ukapita haraka. Mimi ni mtu wa ng'ombe, na naona umeruka penye mambo. Dola ya wafugaji hutambulika kwa namna inavyogawa malisho. Je, hawa wanazuoni walijua lolote kuhusu nyasi, au walikaa katika ukumbi wao wakihukumu waliovuta tumbaku?

Mlinzi wa Makavazi

Nimekubali kukosolewa, na hapa nitakaa kidogo, maana katika mambo yote waliyoyafanya hili ndilo lililoishi kuliko dola yenyewe.

Maji ya mafuriko yanapopungua, bonde hubaki na nyasi iitwayo burgu, ambayo huota majini, shina lake likirefuka kadiri maji yanavyopanda. Maji yakishuka, burgu hulala ikawa malisho mabichi katikati ya kiangazi, wakati huko nje hakuna kitu cha kijani. Kwa hiyo mwendo wa mwaka uko hivi: wakati wa mvua ng'ombe hutoka bondeni kwenda nchi kavu ya Sahel, ambako vidimbwi vimejaa na majani yameota, mvua zikiisha hurudi na kusubiri ukingoni, maji yakishuka huingia. Kila mfugaji anataka kuingia wa kwanza. Mkulima wa mpunga hajavuna. Mvuvi ana mitego yake. Ukiongeza wavamizi wa Kituareg na wa Kibambara wanaovizia makundi yakiwa mbali na vijiji, unapata vita vya kila mwaka, na hivyo ndivyo ilivyokuwa enzi za ma-ardo.

Diina ilifanya mambo ambayo, kwa macho yangu, ni kazi kubwa ya utawala kuliko ushindi wowote wa vitani. Iliweka njia rasmi za mifugo, ziitwazo burti, zilizopita kati ya mashamba bila kuyagusa. Ilipanga zamu ya kuingia katika kila eneo la burgu, kundi gani litangulie na lipi lifuate. Ilithibitisha mamlaka ya dioro, yaani bwana wa malisho, ambaye ukoo wake ulikuwa na haki juu ya eneo fulani la burgu, lakini ikamweka chini ya sheria badala ya kumwachia afanye apendavyo. Karibu na vijiji ilitenga harima, malisho ya ng'ombe wa maziwa wanaobaki nyumbani, na neno hilo tena si geni kwetu, kwani linatokana na Kiarabu cha mahali palipozuiliwa. Makundi yaliyokwenda mbali yalisindikizwa na wapanda farasi wenye mikuki. Wafulani wengi waliokuwa wakihamahama moja kwa moja walilazimishwa kuwa na kijiji cha kudumu, wazee, wanawake na watoto wakikaa na vijana wakienda na mifugo.

Sina budi kuongeza kwamba mpangilio huu ulimpendelea mfugaji. Mkulima alilindwa dhidi ya ng'ombe, lakini bonde lilipimwa kwa jicho la mtu mwenye ng'ombe.

Bint Chuoni

Na nani aliyelima chakula cha hao wanazuoni 40 na wasindikizaji wao?

Mlinzi wa Makavazi

Watumwa na uzao wao, walioitwa rimaybe. Walikaa katika vijiji vyao, wakalima mpunga na mtama, na sehemu ya mavuno ikaenda kwa mabwana na kwa dola. Vita dhidi ya wasio Waislamu vilileta mateka zaidi. Sitaki kuipamba Hamdallahi. Mengi tunayoyajua kuhusu mwenendo wa baraza yametokana na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Amadou Hampâté Bâ na kuchapishwa mwaka 1955 akishirikiana na Jacques Daget, na humo sauti kubwa ni ya watu wanaoikumbuka Diina kwa fahari. Mjukuu wa mlimaji angesimulia vingine.

Sauti ya Barazani

Nimewahi kusikia kwamba Seku Amadu aliuvunja msikiti mkubwa wa Djenné, ule wa udongo unaopigwa picha na watalii. Kama ni kweli, ilikuwaje mtu wa dini avunje msikiti?

Mlinzi wa Makavazi

Huo unaopigwa picha leo ulijengwa mwaka 1907, chini ya utawala wa Wafaransa, na mafundi wa Djenné wakiongozwa na mkuu wao Ismaila Traoré. Ule wa kale ndio uliokutana na Seku Amadu. Hakuupiga hata sururu moja. Aliona umejaa fahari kupita kiasi, lakini kuubomoa msikiti ni jambo zito kisheria, kwa hiyo aliufunga na, kama wazee wanavyosimulia, akaziba mifereji yake ya paa. Udongo usiopakwa upya kila mwaka na usiopitisha maji ya mvua hujibomoa wenyewe. Mfaransa René Caillié alipopita Djenné mwaka 1828, akijifanya Mwislamu kutoka Misri, aliukuta umeachiwa mbayuwayu, na watu wakisali katika ua mdogo nje kwa sababu ya harufu. Kati ya 1834 na 1836 Seku Amadu alijenga wa kwake jirani, mpana, wa kimo kifupi, usio na minara. Nausoma mkasa huo kama picha ya mtu mwenyewe: mwanasheria anayejua namna ya kupata anachotaka bila kuvunja kifungu.

Mlinzi wa Makavazi

Sasa nifike kwenye kitabu, kwa sababu ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu.

Seku Amadu alikuwa na tatizo ambalo upanga haukuweza kulitatua. Hakuwa sharifu. Hakutoka katika ukoo wa wanazuoni mashuhuri. Mashariki yake ilikuwepo Sokoto, ambayo viongozi wake waliandika vitabu kwa mamia, na kaskazini walikuwepo Wakunta, masheikh wa tarika ya Qadiriyya walioheshimiwa kutoka Timbuktu hadi ndani ya jangwa. Mwanzoni aliomba baraka ya Usman dan Fodio, lakini Usman alipofariki mwaka 1817 na warithi wake wakagombana, Massina ikajiondoa chini ya Sokoto, na mwanawe na mrithi wake, Muhammad Bello, akaandika barua za kulalamika. Kwa hoja gani basi mwalimu wa Massina angesema kwamba yeye hana mkubwa juu yake?

Hoja ilitengenezwa na Nuh bin al-Tahir, mwanachuoni mkubwa wa Hamdallahi. Alitunga habari kwamba Askia Muhammad wa Songhai, alipokwenda kuhiji mwishoni mwa karne ya 15, aliambiwa kuwa makhalifa wa kweli watakuwa 12, kwamba yeye Askia ni wa 11, na kwamba wa 12 atatokea baadaye katika nchi hiyohiyo, jina lake Ahmad, wa kabila la Sangare, jina lingine la ukoo wa Bari. Waliotajwa kumpa Askia bishara hiyo ni pamoja na al-Suyuti wa Cairo, jina ambalo hakuna msomi wa wakati ule angelipuuza. Barua zenye bishara hiyo zikasambazwa kwa watawala wa mbali. Na ili isionekane imezuka jana, ikawekwa ndani ya kitabu cha historia, Tarikh al-Fattash, kilichobandikwa jina la Mahmud Kati, mwanachuoni wa enzi za Songhai.

Mwaka 1913 Houdas na Delafosse walikichapisha kitabu hicho huko Paris, na kwa miongo mingi wanahistoria walikitumia kama chanzo cha Songhai, wakistaajabu namna mtu wa karne ya 16 alivyomtabiri mtu wa karne ya 19. Nehemia Levtzion alionyesha mwaka 1971 kwamba sehemu hizo ziliongezwa baadaye. Katika miaka ya karibuni Mauro Nobili amekwenda mbali zaidi: kwa maelezo yake Nuh hakuchomeka kurasa tu, alitunga kitabu kipya akitumia kama malighafi tarikh ya karne ya 17 iliyoandikwa na Ibn al-Mukhtar.

Mtu anaweza kuita jambo hili udanganyifu na akaishia hapo. Mimi naona linatuonyesha uwanja wa vita vya wakati ule ulikuwa wapi. Huwezi kuhangaika kughushi historia ya Songhai kwa ajili ya watu wasiosoma. Walengwa walikuwa Timbuktu, Sokoto, Wakunta na Afrika Kaskazini, watu ambao kwao utawala bila nasaba ya kitabu ulikuwa unyang'anyi tu.

Askari wa Akiba

Nimekufuata kwa makini, Mlinzi, lakini napinga. Umar Tall alikuwa na bunduki alizozipata kwenye biashara ya upande wa Senegal, na watu wa Massina walipigana kwa mikuki juu ya farasi. Mambo ya bishara na barua ni ya wenye nafasi. Risasi haisomi.

Mlinzi wa Makavazi

Ndugu Askari, bunduki nimezikubali tangu bandiko la kwanza. Lakini fuatana nami katika mtiririko wa matukio.

Seku Amadu alifariki mwaka 1845. Baraza lilimchagua mwanawe, Amadu wa pili, ambaye aliendeleza kazi bila makeke. Timbuktu, iliyochukuliwa katika miaka ya 1825 na 1826, ilikuwa imewatoa wanajeshi wa Massina mwaka 1844 kwa msaada wa Watuareg. Hamdallahi ikaizuilia nafaka ya bondeni, mji wa jangwani ukahisi njaa, na mwaka 1846 Wakunta wakasuluhisha. Mpaka hapo mtambo unafanya kazi.

Mwaka 1853 Amadu wa pili akafariki. Wengi walimtazamia Balobbo, mtoto wa nduguye Seku Amadu na kamanda mwenye heshima kuliko wote. Akachaguliwa kijana Amadu wa tatu, mjukuu wa mwasisi. Balobbo alikubali, lakini tangu siku hiyo dola iliyosema mamlaka ni ya elimu na shura ikawa dola ya baba, mwana na mjukuu, na wazee wa ukoo wakawa na deni wanalolidai kimyakimya. Mwaka uleule msafiri Mjerumani Heinrich Barth aliingia Timbuktu. Hamdallahi ikaagiza akamatwe, na Ahmad al-Bakkai, kiongozi wa Wakunta, akamlinda hadi akaondoka salama mwaka 1854. Agizo la mrithi wa khalifa wa 12 likapita bila kutekelezwa.

Upande wa pili yuko Umar bin Said Tall, naye Mfulani, mzaliwa wa Futa Toro, aliyehiji, akapewa uwakilishi wa tarika ya Tijaniyya, akakaa Sokoto miaka kadhaa na kuoa binti wa Muhammad Bello. Alipita Hamdallahi yapata 1838 akirudi kwao. Alianza jihadi yake mwaka 1852, akashindwa na Wafaransa kwenye ngome ya Médine mwaka 1857, akageukia mashariki. Machi 1861 akaingia Segou.

Hapa ndipo Massina ilipojikwaa. Segou walikuwa maadui wa Diina tangu Noukouma, lakini Amadu wa tatu hakutaka jirani mpya mwenye nguvu mlangoni pake. Akafanya mapatano na mfalme wa Segou, Ali, kwamba Ali asilimu na Massina imtumie jeshi. Likatumwa, likiongozwa na Balobbo, likashindwa, na Ali akakimbilia Massina. Umar akawa na kila alichokihitaji. Kwa kuwa sheria haikumruhusu kupigana jihadi dhidi ya Waislamu, aliandika risala ndefu ya kuthibitisha kwamba anayewasaidia makafiri dhidi ya Waislamu amejitoa mwenyewe katika ulinzi wa Uislamu. Akakusanya masanamu ya ibada aliyoyakuta Segou kuonyesha kwamba kusilimu kwa Ali kulikuwa kwa midomo tu. Amadu akajibu kwa barua, Umar akajibu jibu. Walibishana kwa karatasi kwa miezi, na wanazuoni wa Massina hawakuwa na jawabu zuri kuhusu yale masanamu.

Mei 1862 majeshi yakakutana Cayawal. Bunduki zilifanya kazi yake kwa siku kadhaa. Amadu wa tatu akajeruhiwa, akakamatwa na kuuawa huko Mopti, na Umar akaingia Hamdallahi. Sasa niambie, ndugu Askari: Balobbo alifanya nini? Alisalimu amri, akitumaini kupewa Massina aliyonyimwa mwaka 1853.

Askari wa Akiba

Hilo la Balobbo sikulijua. Alipewa?

Mlinzi wa Makavazi

Hakupewa. Umar alitaka wanawe warithi kila alipofika. Ndipo Balobbo na jamaa zake wakaasi mwaka 1863, na aliyewaunga mkono ni Ahmad al-Bakkai, yuleyule aliyeidharau Hamdallahi kwa ajili ya Barth, kwa kuwa sasa Tijaniyya ya Umar ilimtisha zaidi kuliko Diina ilivyowahi kumtisha. Umar akazingirwa ndani ya mji aliouteka, kwa miezi takriban minane, hadi chakula kikaisha. Februari 1864 alivunja mzingiro usiku, mji ukiwaka moto, akakimbilia kwenye majabali ya Wadogon, na akafia katika pango la Degembere. Wengine husema ni baruti iliyolipuka. Wafuasi wake husema alitoweka.

Washindi hawakupata nafasi ya kushinda. Tidiani Tall, mtoto wa nduguye Umar, alirudi na jeshi alilolikusanya kwa Wadogon, akawapiga Balobbo na Wakunta, akaiacha Hamdallahi iwe magofu na kuweka makao yake Bandiagara. Al-Bakkai alifariki 1865. Mapigano yaliendelea kwa miaka, watu wa bondeni wakahamishwa kwa nguvu, na wakati kamanda Archinard na Wafaransa wanaingia Bandiagara mwaka 1893, walimkalisha katika kiti cha Massina mtoto wa Umar, Agibu. Ukoo wa Bari haukurudi tena.

Sauti ya Barazani

Na mji wenyewe? Kuna kilichobaki?

Mlinzi wa Makavazi

Mistari ya ukuta wa udongo bado inaonekana chini, na makaburi ya Seku Amadu na mwanawe yapo ndani ya eneo hilo. Mei 2015 jengo la kaburi la Seku Amadu lililipuliwa kwa mabomu. Lawama ziliangukia kundi lenye silaha linalojiita kwa jina la Macina na linaloongozwa na mhubiri wa Kifulani, Amadou Koufa, ambalo linavuta wafuasi kwa kuwakumbusha fahari ya Diina hiyohiyo.

Mchunga wa Tambarare

Nirudi kwenye nyasi kabla uzi haujafungwa. Zamu za kuingia burgu zilikufa na dola?

Mlinzi wa Makavazi

Hazikufa. Ma-dioro wamebaki, ingawa ukoloni na serikali zilizofuata ziliwapunguzia nguvu na wengine walijifunza kuuza haki ya kuingia kwa mgeni mwenye fedha. Kivuko kinachojulikana zaidi ni Diafarabé, ambako ng'ombe huvuka Mto Niger kwa kuogelea wakirudi kutoka Sahel, na sherehe za marejeo hayo, Yaaral na Degal, zilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Vita vya miaka ya karibuni vimeivuruga sana ratiba hiyo. Hata hivyo, siku ya kuvuka haichukuliwi kwenye kalenda: wazee na ma-dioro hukutana, hutazama kimo cha maji na hali ya mpunga shambani, wakakubaliana ni kundi lipi litangulie.